Bei ya Mfalme Kelly

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Msemo huu niliusikia chuoni, mbele ya maalim wangu, kabla sijajua kusoma gazeti, na kwa miaka mingi nilijidai kuwa naijua maana yake. Kumbe maana yake ilinijia sawasawa ukubwani, niliposoma maisha ya Mmarekani mmoja aliyekuwa mlevi, mjanja na mwizi, aliyefariki dunia mwaka 1894. Jina lake Michael Joseph Kelly. Watu wa zama zake walimwita King Kelly, nasi kwa lugha yetu tutamwita Mfalme Kelly.

Msomaji asitaharuki kwa hilo neno mwizi. Mimi nami lilinitaharukisha nilipolisikia mara ya kwanza. Ilikuwa katika miaka ya themanini, siku zile manowari za Kimarekani zilipokuwa zikitia nanga Mombasa. Alasiri moja mimi na watoto wenzangu tuliwakuta mabaharia wakicheza uwanjani mchezo tusioujua. Mmoja wao, pande la mtu la miraba minne, alikuwa amesimama juu ya kipande cha gunia. Mara akachomoka mbio hali mpira haujapigwa, akajitupa chini, akaserereka vumbini hadi kwenye kipande kingine cha gunia, na wenzake wakamshangilia kama bwana arusi. Tukamwuliza kijana mmoja wa bandarini aliyejua Kiingereza, yule amefanya nini? Akatujibu kwamba ameiba. Tukatazamana. Sisi tuliokuwa tukifunzwa kila asubuhi kuwa cha mwenzio hakiguswi, tuliona ajabu mwizi kushangiliwa badala ya kukimbizwa.

Mchezo wenyewe

Mchezo ule ni besiboli, nao huchezwa na timu mbili za watu tisa tisa. Uwanjani mna vituo vinne vilivyopangwa mfano wa kipande cha kashata, na kutoka kituo hadi kituo ni futi 90, yaani kiasi cha mita 27. Mtupaji huutupa mpira, mpigaji huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vile. Akirejea alikoanzia timu yake hupata alama moja. Nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, ambaye kazi yake ni kuudaka mpira usipopigwa.

Sasa mtu aliyekwisha kufika kituo cha kwanza anaweza kumsubiri mwenzake apige mpira ndipo aendelee. Lakini akiwa na miguu myepesi na roho ngumu, anaweza kuchomoka pale pale mtupaji anapoachia mpira. Mdakaji ataudaka na kuuvurumisha kwenye kituo anachokimbilia. Mpira ukifika kabla yake na akaguswa nao, ametoka. Akifika kabla yake, kituo ni chake. Huko ndiko kuiba kituo. Kinachoibwa si mali bali ni nafasi, tena huibwa mchana kweupe mbele ya maelfu ya mashahidi.

Hesabu ya wizi huu ilianza kuwekwa rasmi mwaka 1886, na mwaka uliofuata ukawa mwaka wa wezi wakuu. Hugh Nicol wa Cincinnati aliandikiwa vituo 138, Arlie Latham wa St. Louis 129, na John Montgomery Ward wa New York 111. Mwaka 1888 aliyeongoza katika Ligi ya Taifa alikuwa William Hoy wa Washington, kiziwi tangu utotoni, ambaye aliiba vituo 82 bila kusikia kelele za waliomshangilia. Kisha akaja Billy Hamilton, ambaye maisha yake yote alikusanya zaidi ya vituo 900, na jumla yake hiyo haikupitwa mpaka miaka ya sabini ilipokuwa inakwisha. Lakini hesabu hizo si sawa na za leo. Siku zile, hadi mwaka 1897, mkimbiaji aliyejinyakulia kituo cha ziada baada ya mwenzake kuupiga mpira aliweza naye kuandikiwa kuwa ameiba.

Katika daftari hilo la wezi, Kelly ana vituo 53 vya mwaka 1886, 84 vya mwaka 1887, 56 vya 1888, 68 vya 1889 na 51 vya 1890. Hakupata kuongoza hata mwaka mmoja. Nicol aliongoza, na leo ni wachache wanaomjua. Kelly hakuongoza, naye ndiye aliyetungiwa wimbo. Hapo ndipo nilipoanza kutaka kumjua mtu huyu.

Mtoto wa makaa ya mawe

Kelly alizaliwa tarehe 31 Desemba 1857 katika mji wa Troy, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, nchi ambayo katika miaka ya 1840 njaa iliwaua watu wapatao milioni moja na kuwatawanya wengine wengi zaidi ng'ambo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, baba yake alijiunga na jeshi la Kaskazini. Vita vilipokwisha afya yake ilikuwa imeharibika, na familia ikaishia Paterson, New Jersey, mji wa viwanda uliosifika kwa kufuma hariri. Haukupita muda mrefu baba akafa, na mama naye akamfuata. Mtoto Mike akabaki yatima.

Kazi aliyoipata ilikuwa ya kubeba ndoo za makaa ya mawe kiwandani, akiyatoa chini na kuyapandisha ghorofani. Akimaliza hukimbilia uwanjani. Nikiyasoma haya huwakumbuka vijana wetu wanaoshinda wakibeba mizigo sokoni, na jioni ukiwaona kwenye mpira utadhani siku nzima walikuwa wamelala. Umaskini humfunza mtu mambo mawili: kuwa mwepesi, na kutazama ni wapi jicho la mkubwa halipo. Yote mawili Kelly aliyafunzika barabara.

Mwaka 1878 aliingia timu ya Cincinnati katika Ligi ya Taifa, na mwaka 1880 akachukuliwa na Chicago White Stockings. Nahodha wa Chicago alikuwa Cap Anson, mtu mkubwa wa mwili na mkali wa sheria. Kwa miaka saba ya Kelly hapo, Chicago ilichukua ubingwa mara tano: 1880, 1881, 1882, 1885 na 1886. Mwaka 1884, na tena mwaka 1886, Kelly ndiye aliyekuwa mpigaji bora wa ligi nzima. Alicheza nje ya vituo, alicheza ndani, alidaka nyuma ya mpigaji, na ikihitajika alitupa mpira.

Lakini watu hawakutoka majumbani kwao kwa ajili ya hesabu. Walitoka kwenda kumwona akiserereka. Wenzake walikuwa wakijitupa moja kwa moja kwenye kituo na kumwangukia mlinzi aliyewangoja na mpira. Kelly alijitupa ubavu, mwili wote akaupeleka upande ambao mlinzi hakuutazamia, kisha akakinasa kituo kwa ncha ya mguu kama mvuvi anavyolinasa dau kwa upondo. Mlinzi hugeuka na mpira wake mkononi, hana wa kumgusa ila kiatu.

Na ujanja wake mwingine haukuwa wa miguu. Siku zile mwamuzi alikuwa mmoja tu, na mtu mmoja hana macho kisogoni. Kelly akiwa kituo cha kwanza, mwamuzi akageuka kuufuata mpira ulikoangukia, yeye hukata katikati ya uwanja na kwenda zake kituo cha tatu bila hata kukisalimu cha pili. Wapinzani hulia, mashabiki hucheka, na mwamuzi hawezi kuhukumu asichokiona. Walisema wahenga kuwa siku za mwizi ni arubaini. Kelly zake zilikuwa nyingi zaidi, na mchezo wa leo wenye waamuzi wanne uwanjani umezaliwa na wajanja wa namna yake.

Kuuzwa kwa dola 10,000

Mwenye kuiendesha klabu ya Chicago alikuwa Albert Spalding, aliyepata kuwa mtupaji hodari, kisha akawa tajiri wa kuuza mipira, magongo na glavu. Spalding alichukia ulevi, na Kelly alipenda wiski, farasi wa mashindano na mavazi ya kitanashati: kofia ndefu, fimbo, na viatu vinavyong'aa kama kioo. Inasimuliwa kwamba Spalding aliajiri mpelelezi awafuate wachezaji wake usiku, kisha akawaita na kuwasomea ripoti. Kelly aliposikia ameandikwa kuwa alionekana saa tisa za usiku akinywa maji ya ndimu, alipinga. Akasema ripoti yote ni kweli isipokuwa hapo tu, kwani saa hizo yeye hajapata kunywa maji ya ndimu, na alichokinywa kilikuwa wiski tupu.

Walicheka siku hiyo, lakini kicheko hakikudumu. Mwishoni mwa mwaka 1886 Chicago ilishindwa na St. Louis katika mechi za kumpata bingwa wa ligi mbili kubwa, na Spalding akalaumu chupa. Kelly naye alikuwa na kinyongo kwa fedha alizokatwa kwa sababu ya ulevi. Februari 1887 Spalding akamuuza kwa klabu ya Boston kwa dola 10,000.

Ili msomaji aelewe uzito wa fedha hizo, mfanyakazi wa kiwandani siku hizo alipata kiasi cha dola 500 kwa mwaka mzima. Hakuna mchezaji aliyepata kuuzwa kwa bei hiyo kabla yake. Nchi nzima ilishtuka, na tangu hapo Kelly akaitwa pia Urembo wa Dola Elfu Kumi. Fedha zenyewe zilikwenda kwa Spalding. Wenye klabu walikuwa wamekubaliana kwamba mshahara wa mchezaji usizidi dola 2,000, basi Boston wakaupita mkataba huo ubavuni kama Kelly alivyopita walinzi: walimwandikia mshahara wa dola 2,000, kisha wakamlipa dola 3,000 nyingine ati kwa kuitumia picha yake.

Sisi watu wa pwani hatulisikii neno la kuuzwa mtu vivi hivi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na huku pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, na bado zipo nyumba ambazo habari za mababu hazisemwi kwa sauti. Kelly hakuwa mtumwa. Alilipwa vizuri, alilala alikotaka, na lau angetaka kurudi kubeba makaa ya mawe hakuna aliyemzuia. Lakini ilikuwapo sheria ya wenye klabu, iliyoanza mwaka 1879, iliyosema kuwa mchezaji akishamaliza mkataba wake bado ni wa klabu ile ile, na klabu nyingine haina ruhusa kumwajiri ila kwa idhini ya mwenyewe. Mwenye mali anaweza kumweka, kumuuza au kumfukuza. Mchezaji hana hiari ila kukubali au kuacha mchezo. Mwaka ule ule wa 1887 John Montgomery Ward, yule mwizi wa vituo 111, ambaye pia alisomea sheria, aliandika makala akiuliza kama mchezaji ni mtu au ni bidhaa.

Wala tusisahau kwamba wakati huo ilikuwa imepita miaka 22 tu tangu utumwa wenyewe ufutwe Marekani, na kwamba katika mwezi wa Julai wa mwaka huo huo wenye klabu za ligi moja ya chini walipiga kura kutoandikisha tena wachezaji weusi. Cap Anson, nahodha wa zamani wa Kelly, alikuwa mmoja wa waliokataa kucheza na timu yenye mtu mweusi. Moses Fleetwood Walker, mdakaji mweusi aliyechezea Toledo katika ligi kubwa mwaka 1884, hakupata nafasi hiyo tena. Mlango ule ulibaki umefungwa mpaka Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947. Basi Kelly aliuzwa kwa bei kubwa katika soko ambalo watu wa rangi yetu hawakuruhusiwa hata kuwekewa bei. Anayemsifu Kelly bila kulitaja hili amesimulia nusu ya habari.

Wimbo na farasi

Boston ilikuwa imejaa Wairishi, nao walimpokea kama mtoto wao aliyerudi kutoka safari. Wapenzi wake walimpa gari na farasi wa kulivuta, na baadaye nyumba huko Hingham, si mbali na Boston. Mwaka 1888 kilitoka kitabu kilichosimulia maisha yake kwa jina lake, na wengi hukihesabu kuwa kitabu cha kwanza cha namna hiyo kwa mchezaji wa besiboli. Mwaka 1889 ukatoka wimbo wa kumhimiza aserereke, uitwao "Slide, Kelly, Slide". Ulipendwa katika kumbi za starehe, na miaka michache baadaye ukawa miongoni mwa nyimbo za mwanzo mwanzo kurekodiwa na kuuzwa kwa santuri za wakati huo, ambazo zilikuwa mitungi ya nta.

Yeye mwenyewe alipanda jukwaani wakati wa baridi, akiwachekesha watu na kughani mashairi. Fedha zilikuja na fedha zikaenda. Kelly alikuwa wa mkono wazi, na mkono wazi haushiki maji. Alikopesha, alinywesha watu wasiomjua, alicheza kamari ya farasi. Alikuwa na mke, Agnes, ambaye nadhani ndiye aliyeyaona maisha hayo upande wa ndani, usiopigiwa makofi.

Saa moja na nusu

Sasa tumefika kwenye habari iliyonifanya niandike makala haya.

Wachezaji walikuwa wameunda chama chao mwaka 1885, wakiongozwa na Ward. Wenye klabu waliahidi mengi na kutekeleza machache. Mwishoni mwa mwaka 1888 walipitisha mpango wa kuwagawa wachezaji katika madaraja matano kwa tabia na uchezaji, daraja la chini dola 1,500 na la juu dola 2,500. Chama kikaona yatosha. Mwaka 1890 wachezaji wengi, na walio bora, walizihama klabu zao na kuanzisha ligi yao wenyewe, ambayo wachezaji wangeshiriki katika faida na hakuna ambaye angeuzwa bila ridhaa yake. Kelly alikwenda nao, akawa meneja na mchezaji wa timu yao ya Boston.

Spalding ndiye aliyekuwa jemadari wa upande wa matajiri. Aliona kwamba nguzo moja ikianguka nyumba itayumba, na nguzo iliyoonekana nyepesi kuliko zote ni Kelly. Nani asiyejua kuwa Kelly hana senti? Nani asiyejua anavyopenda raha? Akamfuata hotelini. Akamwekea mbele yake hundi ya dola 10,000, iwe yake mwenyewe safari hii, si ya mwenye klabu. Juu ya hiyo akamwekea mkataba wa miaka mitatu ambao mahali pa mshahara hapakuandikwa kitu, ajaze mwenyewe kiasi akitakacho. Alichotakiwa ni kimoja: awaache wenzake arudi Ligi ya Taifa.

Kelly alimwuliza kama hizo fedha ni zake kweli. Akaambiwa ni zake. Akaomba ruhusa akatembee kidogo afikiri. Akatoka, akazunguka mitaani saa moja na nusu.

Mimi huifikiria sana saa moja na nusu ile. Yatima aliyebeba makaa ya mawe anatembea peke yake, na mfukoni hana kitu. Anajua kuwa hundi ile ni mshahara wa mfanyakazi wa kiwandani wa miaka ishirini. Anajua kuwa miguu ina umri wake, naye ameshapita thelathini na mbili. Anajua kuwa akienda hakuna atakayemfunga, na kwamba watu waliozoea kucheka hila zake wangeweza kuicheka na hii.

Akarudi. Akamwambia Spalding kwamba fedha anazihitaji sana, lakini ameyafikiri yote na hawezi kuwageuka wenzake. Na hata Spalding angekuwa yeye asingeweza. Spalding akajikuta amempa mkono wa pongezi. Wakaongea kidogo, kisha Kelly akamwomba amkopeshe dola 500. Spalding akampa, akaona kuwa hizo ni kidogo kulipia mateso ya saa moja na nusu kama ile.

Msomaji anaweza kuuliza habari hii nimeitoa wapi, na kama si wapenzi wa Kelly walioitia chumvi. Aliyeisimulia ni Spalding mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1911, Kelly akiwa amekwisha kufa miaka mingi. Ushahidi unaotoka kwa hasimu una uzito wake, maana hakuna aliyemlazimisha kuusema.

Mwisho wa safari

Timu ya Kelly ilichukua ubingwa wa ligi ile ya wachezaji mwaka huo huo wa 1890. Lakini ligi yenyewe haikuuona mwaka wa pili. Matajiri waliowasaidia wachezaji kwa fedha walitishika na hasara, wakaenda kuelewana na Spalding chini kwa chini, na chama kikavunjika. Kelly aliyekataa kuwauza wenzake akaamka asubuhi akakuta wenzake na yeye wote wameuzwa na wengine.

Sitaki kumfanya malaika. Mwaka 1891 alihamahama kutoka Cincinnati hadi timu moja ya Boston, na baada ya mechi chache tu, katika mwezi wa Agosti, akavuka kwenda timu nyingine ya mji huo huo iliyompa fedha nyingi, ya Ligi ya Taifa. Waliobaki nyuma walimlaani. Mimi naona tofauti moja: safari hii hapakuwa na chama wala ahadi ya wenzake aliyoibeba, palikuwa na matajiri wawili wakigombea jina lake. Wengine hawaioni tofauti hiyo, na nawaachia.

Miguu ilikuwa imekwisha. Mwaka 1892 alipiga vibaya, mwaka 1893 alicheza mechi chache New York, na mwaka 1894 alikuwa katika timu ndogo ya Allentown, Pennsylvania. Ulevi ulikuwa umemla, na mwili uliokuwa ukipita ubavuni mwa walinzi ulikuwa umenenepa na kuwa mzito. Novemba mwaka huo alipanda meli kutoka New York kwenda Boston kuchekesha watu katika ukumbi mmoja wa starehe. Njiani akashikwa na baridi, baridi ikawa kichomi, akapelekwa hospitali. Husimuliwa kwamba alipokuwa akiingizwa aliteleza kwenye machela akaanguka, akasema huko ndiko kuserereka kwake kwa mwisho. Huenda ni kweli, huenda ni watu walitaka aage kwa mzaha kama walivyomzoea. Alifariki tarehe 8 Novemba 1894, umri wake miaka 36, na mali aliyoacha haikuwa na la kutajwa. Maelfu walipita mbele ya jeneza lake. Amezikwa Boston, katika makaburi ya Mount Hope. Mwaka 1945 jina lake liliingizwa katika nyumba ya kumbukumbu ya mashujaa wa besiboli huko Cooperstown.

Sheria ile iliyomfanya mchezaji awe wa klabu daima haikuvunjika mpaka mwaka 1975. Leo mchezaji mmoja hulipwa mamilioni ya dola kwa mwaka, na wengi wao hawajui kuwa yupo mtu aliyezunguka mitaani saa moja na nusu kwa ajili yao, akarudi mikono mitupu.

Bei aliyouzwa Kelly inajulikana, nayo ni dola 10,000. Bei aliyoikataa haijulikani, maana mahali pake katika mkataba pamebaki peupe. Siku ile ya mabaharia tulirudi nyumbani tukibishana kama mwizi anaweza kuwa mtu mwema, na hatukupata jawabu. Leo ningewaambia watoto wale kwamba Kelly aliiba vituo vingi mbele ya macho ya watu wote, na kila kimoja kilikuwa sehemu ya mchezo. Lakini wenzake walipomwekea amana yao, akafuatwa faraghani, mahali ambapo hapakuwa na mwamuzi hata mmoja wa kumwona, cha wenzake hakukigusa.